Kuumia Si Kuumiza



Juma lililopita, tulipokuwa tukidurusu mnyambuliko wa vitenzi katika kidato cha tatu, niliona kitabu kikisomwa kwa siri chini ya dawati la nyuma. Hakikuwa cha Kiswahili. Kilikuwa riwaya ya Kiingereza, It Ends with Us, ya mwandishi wa Marekani Colleen Hoover, iliyochapishwa mwaka 2016. Jalada lake lilikuwa limechakaa kwa kupita katika mikono mingi. Sikukitwaa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekwisha kukisoma. Niliuliza swali moja tu: mnamwonaje Ryle? Darasa likagawanyika pande mbili, na msichana mmoja mwenye akili pevu akasimama akasema, "Mwalimu, Ryle si mtu mbaya. Ni mtu aliyeumia."

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Kwa ajili ya wale ambao hawajaisoma, nitaisimulia riwaya hiyo kwa ufupi, pamoja na mwisho wake. Lily Bloom ni msichana aliyekulia katika nyumba ambamo baba yake, kiongozi aliyeheshimiwa mjini, alikuwa akimpiga mama yake. Baba anapofariki, Lily anaombwa amtaje kwa mema mazishini, naye anasimama mbele ya watu bila la kusema. Baadaye, katika mji wa Boston, anakutana na Ryle Kincaid, daktari wa upasuaji wa ubongo, mwanamume mtanashati, hodari na mwenye mali. Naye Ryle ana kidonda chake: alipokuwa mtoto mdogo, alichezea bunduki akamuua kaka yake bila kukusudia. Hawa ndio wapenzi wawili wa riwaya, kila mmoja amebeba jeraha asilolichagua. Wanapendana, wanaoana. Kisha Ryle anampiga Lily. Anaomba radhi, anasamehewa, anarudia.

Sasa turudi kwenye somo letu la siku ile. Nilikufundisha kwamba kitenzi ni moyo wa sentensi. Leo naongeza jambo ambalo vitabu vya sarufi havilisemi: kitenzi kinaweza kuwa shahidi wa kweli, na kinaweza kuwa shahidi wa uongo. Tazama sentensi hizi tatu:

Lily alianguka ngazini.
Lily aliangushwa ngazini.
Ryle alimwangusha Lily ngazini.

Tukio ni moja, lakini ukweli unaoonekana si mmoja. Katika sentensi ya kwanza, hakuna mkosaji. Mtu ameanguka, basi. Labda ngazi zilikuwa na utelezi. Katika ya pili, tunajua kwamba kuna mkono uliomsukuma, ila mwenye mkono amefichwa. Ni katika ya tatu tu ambapo mtendaji anasimama mbele yetu na jina lake. Nimechagua mfano huu kwa makusudi. Katika riwaya, baada ya Lily kusukumwa ngazini, anaambiwa kwamba alianguka. Kitenzi kimoja kinatumika kufuta kosa zima, na mwanamke mwenye damu usoni anaanza kuitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe.

Usidhani jambo hili ni la Boston peke yake. Sikiliza mazungumzo ya kwetu hapa Uganda. "Shangazi aligonga mlango." "Dada alijikwaa." "Waligombana kidogo." Wahenga waliliona jambo hili mapema wakasema: akipenda, chongo huita kengeza. Aliyependa halioni jicho lililopotea. Huliona kengeza tu. Methali hiyo tunaifurahia darasani, tukacheka. Lakini wapo wanaoishi ndani yake. Kipigo wanakiita hasira za muda. Kunyang'anywa simu wanakuita wivu wa mapenzi. Kukatazwa marafiki wanakuita kutunzwa.

Nirudi sasa kwa yule msichana na hoja yake. Alisema kweli: Ryle aliumia. Mtoto aliyemuua kaka yake bila kukusudia anastahili huruma ya kila mmoja wetu. Mimi sikubali kwamba tumwite mnyama, maana tukimwita hivyo tutaendelea kuwatafuta wapigaji miongoni mwa wanyama, ilhali wamo miongoni mwa madaktari, walimu, wachungaji na mashekhe wanaotabasamu vizuri. Huenda hili ndilo jambo bora zaidi ambalo Hoover amelifanya: ametuonyesha kwamba mkono unaotibu mchana unaweza kujeruhi usiku.

Hata hivyo, hoja ya msichana ilikomea njiani. Chukua kitenzi alichokitumia, ukinyambue: umia, umiza, umizwa. Kati ya umia na umiza kuna herufi moja tu iliyoongezeka, lakini hapo ndipo mtu anapochagua. Kuumia kulimpata Ryle, hakukuchagua. Kuumiza alikufanya mwenyewe.

Ushahidi umo ndani ya riwaya hiyohiyo. Hesabu wahusika walioumia. Lily aliumia utotoni, akisikiliza kilio cha mama yake nyuma ya ukuta. Atlas, kijana aliyependana na Lily walipokuwa shuleni, aliumia pia: alifukuzwa nyumbani kwao akawa analala katika nyumba iliyotelekezwa, akiishi kwa chakula ambacho Lily alimpa. Ryle aliumia. Hao ni watatu wenye majeraha, na ni mmoja tu aliyewapiga watu aliowapenda. Laiti jeraha lingekuwa linalazimisha mkono, Atlas naye angepiga, na Lily naye angepiga. Jeraha hutueleza mtu alikotoka. Halimpi kibali cha kwenda popote apendapo.

Kuna mhusika mwingine ambaye wanafunzi wengi humpita haraka. Ni Allysa, dada yake Ryle na rafiki mkubwa wa Lily. Anampenda kaka yake kwa dhati na anaijua siri ya utoto wao. Lakini ukweli unapofichuka, anamweleza Lily kwamba kama dada angetamani Ryle asamehewe, ila kama rafiki hataki kabisa amrudie. Hebu fikiria ni familia ngapi zingepona kama wangekuwapo mawifi wa namna hii. Kwetu, mara nyingi ndugu wa mume hukaa kikao ili kumfundisha mke uvumilivu. Allysa alikataa kuita chongo kengeza, ingawa chongo lilikuwa la damu yake mwenyewe.

Wenzangu kadhaa katika chumba cha walimu wanataka kitabu hiki kipigwe marufuku shuleni. Nawaelewa. Kina kurasa za faragha za watu wazima, na mimi sitampa mtoto wa kidato cha kwanza. Tena kina kasoro yake kubwa: kinatumia kurasa nyingi mno kumpamba Ryle, hata msomaji anajikuta akimngojea arudi kama anavyomngojea Lily. Biashara nayo imeongeza chumvi. Mapema mwaka 2023 kilitangazwa kitabu cha kupaka rangi kilichotokana na riwaya hii, ya mwanamke anayepigwa, na lawama za wasomaji zikafanya mpango huo ufutwe. Hapo ndipo unaona jinsi maumivu yanavyoweza kugeuzwa pambo.

Lakini marufuku haifundishi mtu kusoma. Kitabu kilichofichwa chini ya dawati husomwa bila mwalimu, bila maswali, bila mjadala, na msomaji hubaki na picha ya Ryle mtanashati peke yake. Mimi nataka kitabu kiwe juu ya dawati, mbele ya wale waliokomaa, tukisome hadi mwisho. Maana mwisho ndio wenye somo. Lily anajifungua binti, na Ryle akiwa amempakata mtoto yule, Lily anamuuliza angemwambia nini binti huyo iwapo siku moja angekuja kusema kwamba mpenzi wake amempiga. Ryle anaelewa. Ndoa inaishia hapo, bila matusi, mikononi mwa wazazi wawili wanaolia. Lily anamwacha akiwa bado anampenda. Mwandishi alijua alichokiandika: mama yake mwenyewe aliwahi kumwacha mume aliyekuwa akimpiga.

Nina jambo moja la kuongeza ambalo riwaya haikulipa nafasi. Lily alikuwa na duka lake la maua, alikuwa na fedha, alikuwa na mahali pa kulala. Wengi hawana. Kwao, kuondoka si suala la moyo tu. Ni suala la paa na chakula, na ndiyo sababu jamii hutunga sheria. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010. Sheria hiyo haihesabu makofi peke yake kuwa ukatili. Inataja pia madhara ya kingono, ya kisaikolojia, ya maneno na ya kiuchumi. Anayetendewa anaweza kushtaki kwenye baraza la LC, polisi au mahakamani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda. Adhabu ya kifungo inaweza kufika miaka 2. Na hata kama wawili hawajaoana wala hawaishi pamoja, kumpiga mtu ni kosa la jinai. Ikiwa wewe ni mtoto na jambo hili liko nyumbani kwenu, namba 116 hupigwa bila malipo.

Unaona, basi, kwa nini sarufi si mchezo wa mitihani? Siku utakaposimama mbele ya mwenyekiti wa LC au askari, iwe kwa ajili yako au ya jirani yako, utaulizwa: nini kimetokea? Ukijibu "alianguka", kesi imekwisha. Ukijibu "alimwangusha", kesi imeanza. Raia anayejua kutaja mtendaji wa tendo amekwisha kupata nusu ya haki yake.

Kwa hiyo nakuachia kazi. Chagua tukio moja katika kitabu chochote ulichokisoma ambamo mtu amedhuriwa. Liandike kwa sentensi tatu: ya kwanza imfiche mtendaji kabisa, ya pili imdokeze, ya tatu imtaje kwa jina. Kisha jiulize ni ipi kati ya hizo ambayo watu wa kijijini kwenu wangeitumia, na kwa nini.

Na wewe, binti yangu uliyesimama darasani, huruma yako kwa Ryle usiitupe. Ni mali. Ila uigawe kwa haki, na fungu la kwanza umpe yule aliyeko chini ya ngazi.