Korea Kaskazini: Tumwamini Shahidi Gani?

Mnamo Agosti 2013, gazeti la Chosun Ilbo la Korea Kusini liliutangazia ulimwengu ya kwamba mwimbaji Hyon Song-wol wa Korea Kaskazini alikuwa amepigwa risasi. Mei 2014 marehemu huyo alionekana katika televisheni ya Pyongyang, na mwaka 2018 akavuka mpaka kwenda Kusini kutayarisha maonyesho ya muziki. Jenerali Ri Yong-gil naye alizikwa na magazeti Februari 2016, akafufuka Mei katika mkutano mkuu wa chama.

Ndugu wasomaji, twawauliza waandishi wa ensaiklopidia: habari kama hizi mwazinukuu kwa dhamana ya nani? Wako wanaodai ya kwamba KCNA, shirika la habari la serikali tangu 1946, lisinukuliwe kabisa kwa kuwa ni kinywa cha dikteta. Sisi hatukubali. Kifo cha Jang Song-thaek, mjomba wa Kim Jong-un kwa ndoa, kilitangazwa Desemba 2013 na KCNA lenyewe. Ule uvumi ya kwamba aliraruliwa na mbwa 120 ulitoka kwa mfanya mzaha wa China, na magazeti yenye heshima yakaubeba. Baada ya kifo hicho, maelfu ya habari za zamani yalifutwa katika hifadhi ya KCNA. Basi kinywa cha serikali kinukuliwe kwa jina lake na kwa tarehe, ili kesho kisiyakane maneno yake.

Wala adui wa dikteta si mkweli kwa sababu tu ya uadui wake. Kila uongo unaoandikwa juu ya utawala ule ni zawadi kwake, maana wenye kufungwa kambini, ambao ni watu wa kweli, nao huonekana hadithi.

Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na jaji Michael Kirby wa Australia ilikatazwa kuingia nchini humo. Ikaketi Seoul, Tokyo, London na Washington, ikasikiliza hadharani mashahidi zaidi ya 80, na Februari 2014 ikatoa ripoti juu ya kambi, njaa na mauaji. Ushahidi huo ndio tunaotaka uwekwe mbele katika makala hizo. Mbwa wale 120 waondolewe.