Waja leo, waondoka leo?



Mji wa Tanga una msemo wake ambao mgeni huusikia kabla hajamaliza kufungua mizigo: "Waja leo, waondoka leo?" Wenyeji huusema huku wakicheka. Maana yake ni kwamba mtu hufika Tanga akidhani atamaliza shughuli yake na kurudi, kumbe mji humshika, akaoa au akaolewa, akajenga, na mwisho akazikwa hapa hapa. Mwezi huu tunapenda kuuchukua msemo huo kama swali la kweli, kwa ajili ya kina mama wanaoishi ugenini: waliofuatana na waume kazini, waliotumwa na kanisa, wanaofanya biashara, na mabinti waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman. Mtu anaweza kukaa mahali miaka mitano na bado akawa wa kuja leo na kuondoka leo. Mwingine hukaa miezi mitano akawa mwenyeji. Tofauti yao ni nini?

Sisi wenyewe ni wageni hapa. Tulivuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro pamoja na watoto, kwa ajili ya kazi ya baba yao, na huu ni mwaka wa tano tunakaa Tanga. Wapo wanaotutania: Mkenya naye ni mgeni Tanga? Wadigo si wako huku na kule? Ni kweli, Wadigo wako pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Lakini mpaka ni mpaka, na mgeni mwenye busara huanza na sheria.

Kwa hiyo kwanza ni makaratasi. Tanzania, tangu sheria ya mwaka 2015, asiye raia anayetaka kuajiriwa huomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi katika Idara ya Uhamiaji. Kibali cha ukaazi kina madaraja: A ni la mwekezaji na mwenye shughuli yake mwenyewe, B ni la mwajiriwa, na C ni la wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mama aliyeingia kama mtegemezi wa mumewe asidhani kwamba hati hiyo inamruhusu kufanya kazi ya mshahara. Tena, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ukiletewa kiwanja cha bei rahisi kando ya bahari, tuliza moyo kwanza, uulize. Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ujitambulishe kwa mwenyekiti na kwa mjumbe wenu. Siku ya shida hao ndio watakaosema, "Huyu tunamfahamu."

Pili ni lugha. Ninyi mnaojua Kiswahili msijidanganye kwamba mmemaliza. Kwetu Kenya bara mtu huingia dukani akasema, "Nipe sukari kilo moja," wala hakuna anayekasirika. Tanga husemwa "naomba", na kabla ya naomba kuna shikamoo, na habari za asubuhi, na watoto hawajambo, na mgonjwa wenu anaendeleaje. Mwenye haraka huona kwamba anapotezewa wakati. Lakini hizo salamu zina kazi. Kwa dakika mbili mwenye duka anajua nani kalazwa hospitali, nani kajifungua, na nani hajaonekana tangu juzi. Watoto wetu walijifunza shikamoo kabla ya kujua njia ya shule, na hiyo ndiyo iliyowafungulia milango ya mtaa mzima.

Tatu ni sahani. Hapa pwani jirani hukuletea sahani imefunikwa: vitumbua, mhogo wa nazi, au futari wakati wa Ramadhani. Sahani hiyo hairudishwi tupu. Hata kama una machungwa mawili tu, utayaweka. Baadhi ya dada zetu Wakristo husita kwa sababu majirani zao wengi ni Waislamu, wakaogopa mialiko ya aina yote. Hakuna anayekudai imani yako kwa sahani ya vitumbua. Anakudai ujirani. Msiba ukitokea, chukua kanga yako, nenda ukae mkekani na wenzako, menya vitunguu, chota maji.

Tuliona faida ya jambo hilo usiku mmoja, mtoto wetu mdogo alipopandwa na homa kali hadi akaanza kustuka, na baba yake yuko safarini. Bibi jirani alisikia mlango ukifunguliwa. Akatoka na kanga mabegani, akamwamsha mjukuu wake aite gari, akakaa nasi hospitalini hadi kulipopambazuka, akimpangusa mtoto kwa maji. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumekaa siku tatu kwenye msiba wa dada yake. Asubuhi tulipomshukuru alishangaa. "Mwanangu, ulitaka uende na nani?" Mama anayeishi ugenini, swali hilo alijibu mapema, kabla homa haijaja.

Nne ni kutembea. Wengi hukaa ugenini wakijua njia tatu tu: ya soko, ya shule na ya kanisa. Sisi tuliamua Jumamosi moja ya kila mwezi iwe ya safari, na watoto wabebe maji na chakula cha nyumbani ili gharama isiwe kubwa. Tumeingia mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, tukiwa na kiongozi na taa. Tumekwenda Pangani, tumepanda milima hadi Amani. Na kila tulipokwenda tulikuta habari ya wageni waliotutangulia. Pwani hii imepokea kila aina ya mgeni, na imeweka kumbukumbu ya kila mmoja.

Chukueni Tongoni, kusini ya Tanga. Hapo kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini ya Waswahili wa kale, mengine yakiwa na nguzo. Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipita mbele ya pwani hii, na mojawapo, São Rafael, ikakwama kwenye mwamba. Mmoja wa mabaharia aliyeandika habari za safari hiyo anasema watu wa pwani walikuja kwa mitumbwi wakiwaletea machungwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Hebu fikirini! Watu waliokwama, wasiojulikana, wakaletewa machungwa. Mwaka 1499 walirudi hapo wakiwa wamepungukiwa na mabaharia, wakaichoma meli hiyo hiyo. Na mwaka 1505 Wareno walirudi pwani ya Afrika Mashariki na mizinga, wakaishambulia Kilwa na Mombasa. Machungwa bado yapo, mkipita Muheza mtayaona yamepangwa barabarani. Lakini sahani ile ilirudije?

Pangani kuna habari nyingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Inasemekana iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo yalitokea mashamba yote mnayoyaona mkisafiri kwa basi kuelekea Korogwe. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge. Lakini nani aliyeukata? Ni manamba, wanaume waliotoka Rwanda, Burundi, Msumbiji na mikoa ya mbali ya Tanganyika, wakapewa namba na kuishi kambini. Hao nao walikuwa wageni, wageni maskini, wasio na paspoti wala nyumba ya ufukweni. Wengi walisema watakaa muda wa mkataba tu. Leo wajukuu wao ni Watanga, wanasema Kiswahili cha Tanga, na wengine tunaimba nao kwaya moja. Mgeni si Mzungu peke yake, wala anayestahili kukaribishwa si mwenye fedha peke yake.

Milimani Amani kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Afisa wa Kijerumani aliyetawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Kina mama wa Ulaya na Marekani wanalo dirishani hadi leo, na wengi wao hawajui kwamba limetoka Usambara. Tuliwaonyesha watoto ua hilo, nao wakauliza kama wenyeji hawakuwa na jina lao. Ni swali zuri. Unapokaa katika nchi ya watu, uliza jina la kitu kwa mwenyewe kabla ya kukipa lako.

Na wageni waliokuja kwa ajili ya Injili? Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine akafariki, na mtoto wao mchanga naye. Mama huyo hakupata hata kujifunza majina ya majirani zake. Mwaka 1848 Krapf alitembea kutoka Mombasa hadi Vuga, akaenda kwanza kumwona Mfalme Kimweri na kumwomba ruhusa ya kufundisha. Hakuingia kama mtu anayeingia shambani kwake. Baadaye Waanglikana walijenga Magila, karibu na Muheza, na mwaka 1891 Walutheri wa Betheli wakaanza Mlalo. Wote hao hawakulingana. Wapo waliojifunza lugha wakauguza wagonjwa, wapo waliowaona wenyeji kama watoto. Wazee wa makanisa yetu wanajua kuwatenganisha, na wanawakumbuka zaidi waliokaa mkekani.

Tunamaliza na wageni wanaotugusa kuliko wote. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa Somalia, wakauzwa utumwani. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba, nao wakaitunza lugha yao kizazi hadi kizazi. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, walikimbia. Baadhi walifika kwa bahari katika nchi ambayo babu zao waliihadithia, wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu, na kuanzia 2003 makazi ya Chogo. Waliandikishwa kama wakimbizi katika nchi ya mababu zao, lakini waliposema Kizigua, wazee wa Handeni waliwaelewa. Baadaye serikali iliwapa wengi wao uraia. Akina mama wale hawakuja na mali. Walikuja na lugha waliyowafundisha watoto wao jikoni, katika nchi ya watu, kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hapo mwanamke anayeishi ugenini anapata somo la pande mbili. Wafundishe watoto lugha ya nyumbani, kwa maana hujui lini wataihitaji. Na ijue lugha ya mahali ulipo, na watu wake, na makaburi yao, kwa maana wewe na watoto wako mnakula chakula cha hapo. Ruthu Mmoabi alifanya hivyo Bethlehemu: aliingia shambani akaokota masuke pamoja na wanawake wa mji. Waswahili nao husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huusikia msemo huo kama wa kumfukuza mgeni. Sisi tumeuona ni heshima. Apewaye jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Mwezi huu, basi, dada msomaji uliye mbali na kwenu, fanya mambo matatu. Angalia tarehe ya kibali chako kabla haijapita. Tembelea mahali pamoja usipopajua, umuulize mwenyeji habari zake. Na kama kuna sahani ya jirani kabatini kwako, irudishe, na isiwe tupu.

Tukijaliwa tutaonana mwezi ujao.