Mwalimu wa Kemia Asiyejua Kuchora Anatuumiza

Wadau, leo nitawaudhi watu wa kemia. Sawa tu.

Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia sekondari pevu, kila mtoto na mkondo wake: STEM huku, sanaa na michezo kule. Anayejua kuchora anaambiwa kemia si yake. Jameni, nani alisema? Methani tulichorewa ubaoni kama msalaba bapa, kumbe hidrojeni zake nne zimetawanyika kila upande. Huo ni uchoraji mbaya unaozaa sayansi mbaya.

Simlaumu mwalimu. Namlaumu aliyemfunza. Anayesomea ualimu wa sayansi anabeba kemia na biolojia, ama kemia na hisabati, anaongezewa saikolojia, anatumwa mazoezini. Kuchora anafunzwa lini? Wale ninaowajua, hakuna siku.

Mnataka mfano? Mwaka wa 1842 John Herschel wa Uingereza alipata njia ya kupiga picha kwa chumvi za chuma. Unapaka mchanganyiko kwenye karatasi gizani, unalaza jani juu, unaanika juani. Mwanga unabadilisha chuma (III) kuwa chuma (II), buluu inatokea, unaosha kwa maji. Palipokuwa na jani panabaki peupe. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani kwa njia hiyo hiyo. Sasa weka jani la miraa ya hapa Muthara, na hili jua letu la ikweta. Hiyo ni redoksi ambayo mtoto atabandika ukutani kwao.

Najua mtasema madarasa yamejaa, kemikali hakuna, nani ana wakati wa kupaka rangi. Lakini karatasi, spiriti na majani ya kuponda vinatosha kutenganisha kijani na manjano darasa zima likiona. Na chaki ya rangi ni pesa ngapi? Shule isiyo na maabara ndiyo inamhitaji zaidi mwalimu wa kuonyesha kwa mkono.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko hapo Nchiru. Chuka wana chao, Embu pia. Wekeni kozi moja ya kuchora na rangi kwa kila anayesomea kufundisha kemia, na iwe na mtihani, maana bila mtihani hakuna atakayehudhuria (tunajuana). Mfunzi awe msanii, si profesa aliyesukumiwa kazi. Wachoraji wa mabango wako sokoni wanachanganya rangi kila siku. Waiteni, na muwalipe.