Keshi, Kasha na Taslimu

Ukikaa katika duka lolote la Chokocho, utasikia neno keshi mara nyingi. "Nipe keshi." "Leo keshi, kesho mkopo." Vijana wanalisema, na wazee pia. Ni neno la Kiingereza, lakini limekwisha kuwa letu. Ni vizuri tujue lilikotoka, kwa sababu linagusa karafuu zetu.

Waingereza walilichukua neno hili mwishoni mwa miaka ya 1500, kutoka kwa Wafaransa au Waitaliano. Wakati ule keshi haikuwa fedha. Ilikuwa sanduku la kuwekea fedha. Baadaye watu wakalisahau sanduku, na jina likabaki kwa fedha zilizomo ndani. Keshia naye ni mtu wa sanduku hilo hilo.

Sasa tazama nyumbani kwako. Huenda lipo kasha la kuwekea kanga na hati za shamba. Neno kasha tulilipata kwa Wareno. Hao walitawala pwani hii tangu miaka ya 1500, mpaka ngome yao ya Mombasa ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Walituachia pia meza, leso na bendera. Kasha na keshi asili yao ni moja, ni neno la Kilatini la sanduku. Basi mtu akisema "weka keshi kashani," anataja ndugu wawili bila ya kujua. Zamani Waingereza waliziita keshi pia sarafu ndogo za India na China, lakini hilo ni neno jingine, la Kitamil. Tuliache.

Wazee wetu walikuwa na neno lao, taslimu. Ni la Kiarabu, na maana yake ni kukabidhi. Kiingereza kinatazama sanduku, Kiarabu kinatazama mkono. Mimi nalipenda zaidi taslimu. Linatufanya tuulize: nani amempa nani, na amempa kitu gani? Keshi haiulizi kitu.

Hapo ndipo tunapoumia. Kabla ya msimu wa karafuu nyumba nyingi hazina kitu. Mtoto anataka sare ya skuli, mgonjwa anataka nauli ya kwenda hospitali. Anakuja mtu, anasema: "Nikodishe mikarafuu yako, keshi hii hapa." Mwenye shamba anaziona noti. Karafuu hazioni, kwa kuwa bado hazijatoka. Anapokea. Msimu ukifika, anasimama kando na kutazama watu wengine wakichuma, wakichambua makonyo na kuanika. Fedha alizopokea zimekwisha zamani.

Jambo hili si jipya. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba wa Unguja na Pemba walielemewa na madeni na rehani, hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ili mashamba yasichukuliwe.

Wengine husema: "Shida haingoji msimu." Ni kweli, na mwenye mgonjwa simlaumu. Lakini kwa nini akodishe shamba zima kwa shida ya wiki moja? Akodishe miti michache. Na kabla ya kupokea apige hesabu. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kama kilo 1 ya karafuu kavu. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hununua karafuu kavu kwa kilo na kwa daraja, na bei hutangazwa. Basi aijue bei, kisha aulize: huyu ananipa sehemu gani ya mali yangu?

Halafu yaandikwe: miti mingapi, msimu mmoja au miwili, shilingi ngapi, zimetolewa tarehe gani. Sheha ajue, na mashahidi watie sahihi. Zamani tuliweka dole gumba kwenye karatasi aliyoiandika mwenye keshi. Maneno hayo yote yanaenea katika ukurasa mmoja wa daftari la darasa letu, na sasa mwenye mikarafuu anaweza kuyaandika kwa mkono wake.