Nukta Zinazochemka Pichani

Itazame kwa kioo cha kukuzia picha yoyote ya gazetini isiyo ya rangi. Kijivu hutakiona, mna nukta za wino mweusi tu, nene na nyembamba, na jicho lako ndilo linalozichanganya. Hila kama hiyo hutumiwa na kompyuta igeuzapo filamu kuwa GIF, yaani ile picha ichezayo bila sauti na kujirudia. GIF ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, na kila picha iliyomo hutumia orodha isiyozidi rangi 256. Zinazokosekana huigizwa kwa kunyunyiza nukta.

Shemeji yangu, ambaye mumewe, ndugu yangu, yuko kambini mbali, aliniletea filamu ya sekunde sita: mtoto wao akipiga hatua zake za kwanza mbele ya ukuta wa samawati. Kompyuta ya kule hufungua picha, lakini filamu haifungui. Nikaigeuza. Loo! Ukuta ulichemka kama uji, nukta zikamtambaa mtoto usoni, na faili likawa zito hata likakataa kupita.

Kosa lilikuwa langu. Programu ya FFmpeg, ipatikanayo bure, isipopewa agizo la dither katika paletteuse huchukua tofauti ya rangi katika kila pikseli na kuisukumia jirani zake, njia ya ukoo mmoja na ile waliyoieleza Floyd na Steinberg mwaka 1976. Kwa picha iliyotulia hupendeza mno. Kwa picha zinazofuatana, badiliko dogo la mwanga huzihamisha nukta, na ndipo zinapochemka. Tena GIF hupunguza uzito kwa kutafuta mifuatano inayojirudia. Nukta zilizotawanyika ovyo huivunja mifuatano hiyo.

Nikaanza upya. Kwa palettegen niliunda orodha ya rangi kutokana na filamu yenyewe. Kisha, katika paletteuse, nikachagua dither=bayer, ambayo huzipanga nukta kwa mfumo usiohama, mithili ya mkeka. Kipimo chake, bayer_scale, huanzia 0 hadi 5: kikiwa kidogo, mkeka huonekana wazi, kikiwa kikubwa, mkeka hufifia lakini rangi hukatika milia. Nikatua kwenye 3. (Liko pia agizo la dither=none, lisiloweka nukta hata moja; lafaa katuni na bendera, wala si uso wa mtu.) Mwisho nikapunguza upana hadi pikseli 320, na picha 10 kwa sekunde.

Shemeji alinung'unika kwamba ukuta una milia. Nikamjibu kuwa baba mtu hakuomba kuonyeshwa ukuta.

Safari hii faili lilipita. Jioni ile ile ndugu yangu akaleta jibu la mstari mmoja, akiuliza viatu vile mtoto kanunuliwa na nani.