Ujanja wa Mita na Akili ya Gridi

Limezuka neno jipya vinywani mwa wakuu wa umeme wa Afrika Mashariki: mita janja. Neno hili halina ubaya masikioni, lakini mwenye kupima maneno hana budi kulitazama mara mbili. Mjanja katika Kiswahili si lazima awe mwenye akili. Aghalabu ni mtu ajuaye kujipatia haki yake kwa wengine, na pengine isiyo haki yake. Mita ya malipo ya kabla, iitwayo LUKU katika Tanzania na tokeni katika Kenya, ni janja kwa maana hiyo hasa. Hupokea fedha kwanza, umeme ukafuata. Zile mpya zaidi zimepewa ulimi na masikio, zikaweza kusemezana na gridi kila saa; lakini zikitumwa kudai madeni tu, zimepewa viungo hivyo bure.

Wako wasemao kuwa gridi yenye akili ni anasa ya Ulaya, na kwamba nchi changa zitosheke na nguzo na nyaya. Hoja hii ingalikuwa na miguu kama Kenya ingalitegemea mafuta, ambayo huwashwa yatakiwapo na kuzimwa yasipotakiwa. Sehemu kubwa mno ya umeme wa Kenya hutoka katika mvuke wa ardhi, maji, upepo na jua, na upepo hauamriwi. Huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ilisimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kupeleka umeme wake Suswa, zaidi ya kilometa 400, haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Mkandarasi wa Hispania alifilisika kazi haijaisha, na fidia ya upepo uliovuma bure ikaangukia mabega ya wananchi.

Njia ilipofika, taabu ya pili ikajulikana. Upepo wa Turkana huvuma sana usiku, saa ambazo wengi wamelala. Basi mitambo hupunguzwa kazi, au mvuke wa Olkaria huachiliwa kwenda hewani. Jioni, watu wapikapo na kuwasha taa, mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Hivyo nishati safi humwagwa na chafu hununuliwa, katika siku moja na nchi moja! Anasa gani ghali kuliko hii?

Dawa si siri. Betri huweka umeme wa usiku. Bei ya saa humwalika mtumiaji autumie usiku ule ule. Desemba 2017 Kenya ilivipunguzia viwanda nusu ya bei ya usiku, kwa umeme uliozidi matumizi yao ya zamani. Bei za mwaka 2023 zikavikumbuka vyombo vya usafiri vya umeme. Mwenye nyumba, ambaye ndiye afanyaye jioni iwe nzito, hakukumbukwa.

Tarehe 25 Agosti 2023 giza likaifunika karibu nchi nzima, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi pamoja nao. Kukazuka mabishano kama kosa lilianzia katika upepo au katika gridi yenyewe. Gridi ijuayo hali ya kila njia yake isingaliacha swali hilo kwa wabishi. Fedha za mita zinatafutwa sasa. Na zinunue kwanza mita zitakazompa mpishi wa Kisumu bei ya saa sita za usiku, ndipo zihesabu madeni yake.