Cheti Hakilipi Kodi ya Nyumba

Ndugu zangu vijana, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tuongee kuhusu kuta. Wengi mmeshaona hapa Kabeza jinsi inavyokwenda. Stajeri anashuka uwanja wa ndege hapo jirani, ametoka Ulaya au Marekani, amekuja miezi mitatu kwa ajili ya "sanaa ya jamii". Rangi zinafunguliwa, watoto wanakusanywa, picha zinapigwa. Jioni, kijana mkimbizi aliyechora tangu asubuhi anapewa fanta na cheti. Jamani, cheti ukimpelekea mwenye nyumba, atakifanyia nini?

Msinielewe vibaya. Stajeri simchukii. Mara nyingi hata yeye halipwi. Mwaka 2015 kijana mmoja wa New Zealand, David Hyde, alivuma kwenye habari kwa sababu alikuwa mwanagenzi wa Umoja wa Mataifa kule Geneva, bila malipo, na alikuwa analala kwenye hema. Watu walishangaa sana. Sisi hema tunalijua, halitushangazi. Swali letu ni lingine: kama kazi haina malipo, nani anaiweza? Anaiweza yule ambaye nyumbani kwao wanamlipia tiketi, chumba na chakula. Kwa hiyo mlango wa kazi za misaada unafunguliwa na mfuko wa mzazi, kipaji kinabaki nje. Stajeri akimaliza anaongeza mstari kwenye wasifu wake, kesho kutwa anarudi ofisa, anatuandikia mradi. Na yule mkimbizi aliyemshikia ngazi? Bado ameshika ngazi.

Tena msituambie kwamba sanaa si kazi. Hapa hapa Kigali, Collin Sekajugo alianzisha Ivuka mwaka 2007. Mwaka 2012 ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, wakafungua Inema. Mji huu unajua kwamba mchoro una bei. Sasa kwa nini ukitoka mkononi mwa mkimbizi, ghafla unaitwa "tiba" na "burudani"? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda iliingia mwaka 1980, unazungumzia kazi ya mshahara kwenye kifungu cha 17. Mimi fanta sijaiona humo.

Najua jibu litakuja: bajeti ni ndogo, halafu kujitolea ni kuzuri. Sawa. Kujitolea tunakujua. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka umuganda, mwenye gari na asiye na gari wanashika jembe pamoja, kisha kila mtu anarudi kwake. Lakini kwenye mradi wa ukuta, duka la rangi limelipwa, dereva amelipwa, mpiga picha amelipwa. Aliyejitolea ni mmoja tu, na ndiye mwenye njaa kuliko wote. Huko si kujitolea, huko ni kutumiwa.

Basi tunaomba mambo matatu, na wala si makubwa.

Moja: kwenye bajeti, fungu la mchoraji liandikwe kabla ya fungu la rangi.

Mbili: jina la mchoraji liwe ukutani na kwenye kila picha mnayorusha mtandaoni. "Vijana wa jamii" si jina la mtu.

Tatu: kila mkileta stajeri mmoja kutoka nje, fungueni nafasi moja yenye malipo kwa mkimbizi anayeishi hapa. Afundishwe na kuandika ripoti, na kuomba fedha, si kuosha brashi tu. Hapo mtaona nani atabaki na ujuzi huo mtaani ndege ikisharuka.

Na sisi vijana tuache aibu. Tumezoea kushukuru hata kabla ya kujua tunashukuru nini. Ukiitwa kuchora, kabla hujapanda ngazi, uliza kwa heshima: ni faranga ngapi, na nitalipwa lini? Wakikasirika, umeshajua mradi ulikuwa wa nani.